Nusu Mbili za Jiwe Jeusi

Salha alitoa kabatini nusu yake ya jiwe jeusi la volkano, lililoganda enzi bara moja lilipopasuka likawa mawili. Yeye na mumewe Idarusi, wote wanajiolojia, walilipasua jiwe hilo siku Idarusi alipohamia bara la pili kikazi, kila mmoja akabaki na nusu.

Sasa Idarusi alikuwa amerudi na nusu yake. Salha akaziunganisha mezani. Hazikushikana. Ya Idarusi ilikuwa imekatwa kwa msumeno, laini kama kioo.

"Nilitoa kipande cha kupima maabarani," alisema Idarusi.

"Hata hili letu?"

"Ni sampuli tu, Salha."

Alikuwa bado amesimama, begi begani. Salha hakumkaribisha kiti. Aliendelea kuigeuzageuza ile nusu laini, akitafuta upande utakaoshikana na yake.