Hodi ya Tatu

Chini ya mfumo mpya wa kompyuta, kila programu hupiga hodi kabla ya kusakinishwa. Mwenye kompyuta asipoitikia kwa sauti yake mwenyewe mpaka hodi ya tatu, programu huondoka, na hairudi tena.

Bi Zamzam alikuwa amepooza ulimi. Programu iliyomsemea, iliyoundwa kwa sauti yake ya zamani, ikafika kwenye kompyuta yake mpya.

“Hodi,” ikaita.

“Karibu,” akaitikia mumewe, Shekue.

“Samahani, namtaka mwenyewe. Hodi.”

Zamzam akafungua kinywa. Ikatoka pumzi tupu.

“Jikaze, mama,” Shekue akambembeleza.

Hodi ya tatu ilikuja taratibu, vilevile Zamzam alivyozoea kubisha kwa majirani.

“Kumbe mwenyewe hayupo,” ikasema sauti yake, ikaenda zake.