Radhi Kabla ya Kosa

Bwawa la bustanini lilikuwa limegeuka kijani, zito kama mlenda. Perege walipanda juu, midomo wazi, wakitafuta hewa.

Mektrida alisimama ukingoni na sululu. Mumewe akaja na ndoo ya mrututu, dawa ya ukungu, uliobaki baada ya kunyunyizia kahawa.

"Namwaga huu. Kesho utaona maji meupe."

"Na samaki wote wamekufa. Baba Tito, ukijani huu unalishwa na mfereji wako. Samadi iende migombani."

Ule mfereji wa saruji, kutoka banda la ng'ombe hadi bwawani, mumewe aliujenga kwa mikono yake mwenyewe. Kila mgeni alionyeshwa.

"Mfereji hauguswi. Weka sululu chini."

Mektrida akaiweka. Alikwenda mpakani mwa shamba, akachuma jani la isale, mmea wa amani, akalifunga fundo, akamletea kwa mikono miwili.

Mchagga hakatai isale la kuombwa radhi. Mumewe akatua ndoo, akalipokea, uso ukamlegea.

"Nimekusamehe, mama. Lakini mbona hujanikosea kitu?"

"Bado," alisema Mektrida, akaokota sululu na kuiinua juu ya mfereji.