Mguu Mwepesi

Jumanne, siku mbili kabla ya Idi, ndipo mambo yalipoharibika. Mke wa Mzee Singano, aliyekuwa na mshono mbichi wa upasuaji, alifia ndani ya ambulensi iliyoendeshwa na mumewe.

"Wakubwa wa hospitali walitupatia mkweche unaorukaruka kama mbuzi," Singano alilalama miaka yote. "Ndio uliofumua mshono."

Leo, akiwa mstaafu, alipanda mkweche uleule kumsindikiza dada yake mgonjwa. Dereva mpya, Mwantumu, alikanyaga mafuta polepole. Gari likavuta bila kushtuka, na uji kikombeni mwa dada haukumwagika hata tone.

"Wamebadilisha injini?" Singano aliuliza.

"Nani abadilishe, baba? Hao wakubwa? Ni ileile, inataka mguu mwepesi tu."

Singano aliuficha mguu wake wa kulia chini ya kiti.

"Eti kuna mama alifia humu," Mwantumu akasema. "Siku ile alikuwa anaendesha nani?"