Nipe Mji

Kitendawili! Nyumba yangu haina mlango. Yai, umeshajibu, nani asiyekijua?

Siku hizi mwalimu anayekwenda kufundisha ng'ambo hufutwa kwanza mambo ya kwao kichwani, masomo ya huko yapate nafasi. Tatu alifutwa jana. Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa akimkunjia kanga sandukuni.

"Utarudi, mwanangu?"

Tatu akaitazama tiketi yake. Basi mama akamtegea kile cha utotoni.

"Nyumba yangu haina mlango."

Tatu akatabasamu kwa adabu, kama mgeni. "Sijui."

"Looo! Haya, nipe mji."

Zamani akishindwa alitoa Unguja, alitoa Mombasa. Pangani kwao aliikatalia hata kwa machozi.

"Chukua Pangani," akasema Tatu, akifunga zipu. "Sitaihitaji tena."