Nani Alale Nje

Baridi ya Juni ikikaribia, sisi wa Njombe huingiza vyungu vya maua ndani kabla umande haujaganda. Siku hizi kazi hiyo ina kelele. Kila mmea wa nyumbani una kispika chake na, kisheria, ukishashika mizizi tu una kura katika mambo ya nyumba. Kura zikishapigwa, hakuna rufaa.

"Usinimwagie maji tena, mwanamke," mshubiri ulinung'unika. "Unataka nioze?"

Nilicheka, nikaendelea kupunguza majani makavu ya begonia. Mume wangu Ipyana alikuwa akinipokea vyungu mlangoni huku akipiga mluzi. Vipandikizi vyangu vyote vilikuwa vimeshika mwaka huu, nami nilijisikia fahari kweli. Madirishani, juu ya kabati, mpaka ubavuni mwa kitanda, kote kijani kitupu.

"Mama Sekela, nyumba imejaa," Ipyana akasema. "Lazima mmoja alale nje."

"Basi tupige kura," begonia ikasema kwa adabu.

"Haya! Mimi nasema mshubiri. Mdomo umezidi."

Nikamuunga mkono mume wangu. Kisha sauti nyingine zikafuata, moja baada ya nyingine, mpaka zile nyembamba za vipandikizi nilivyovinywesha kwa kijiko. Zote zilitaja jina moja, na halikuwa la mshubiri.

Ipyana alidhani ni utani, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mimi nilikuwa nimeshaingia chumbani kumtafutia blanketi la pili.