Dinosaria wa Zege

Ujumbe wa tatu ulikuwa na swali moja tu: "Baada ya dinosaria, mlilala wapi?"

Lyle Pruitt aliusoma akiwa amesimama katikati ya karakana ya matairi, mikono imejaa grisi. Lyle hakumjua aliyeuandika. Alijiita Verna tu. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa kuusifu wimbo. Wa pili uliuliza ilikuwa mwaka gani.

Wimbo wenyewe ulimhusu dinosaria wa zege aliyesimama nje ya kituo kimoja cha mafuta, kando ya barabara kuu, magharibi mwa Kansas. Maneno aliyaandika Lyle. Mengine yote, gitaa, kinanda cha mdomo na ile sauti ya mkwaruzo kama ya dereva wa lori aliyevuta sigara maisha yake yote, yalitoka kwenye programu ya akili mnemba ndani ya simu yake.

"Afadhali ikuimbie hiyo mashine," Dottie wa mgahawani alikuwa akimtania. "Wewe ukifungua mdomo, wateja wangu wanaacha mayai kwenye sahani wanakimbia."

Alishatengeneza nyimbo kumi na moja na kuziweka mtandaoni, zote zikihusu kiangazi kimoja cha utotoni, alipokuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa amefariki, na baba yake, Orrin, alimpakia kwenye gari wakazunguka nchi. Hoteli za njiani zenye taa nyekundu. Shimo la nyoka wa kutazamwa kwa kiingilio. Pai za cheri asubuhi, mchana na jioni. Pale penye dinosaria, baba alimwingiza chooni akamkata nywele zote kwa mkasi. Lyle alilia sana, ndipo baba akampandisha kwenye mkia wa yule mnyama ili anyamaze. Wimbo huo ndio watu waliupenda kuliko yote.

Alimjibu Verna kwamba walilala Colorado, kwenye hoteli yenye ng'ombe wa bati juu ya paa. Jibu lilikuja papo hapo, kana kwamba alikuwa ameishika simu mkononi kutwa nzima.

"Mama yako alizikwa wapi?"

Lyle akaanza kuandika, akafuta. Hakujua. Miaka arobaini, na hajawahi kupelekwa kaburini. Hata picha ya mama hakuwa nayo.

Jioni alimkuta Orrin barazani akimenya mahindi. Mzee alikuwa na miaka sabini na tisa.

"Baba, mama alizikwa wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

Mzee aliacha kumenya. "Nani anauliza?"

Lyle akampa simu. Orrin hakuwa amewahi kusikiliza wimbo wake hata mmoja. Hizo takataka za mashine, alisema siku zote. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasoma ujumbe wa Verna, mmoja baada ya mwingine, na rangi ikamtoka usoni.

"Futa. Zote. Leo hii."

"Ni nyimbo tu, Baba."

"Umemwonyesha kila mtu njia tuliyopita, mjinga wewe!"

Hakuwa amewahi kumtukana. Asubuhi Lyle alimkuta jikoni na sanduku limefungwa, kofia kichwani. "Twende zetu, mwanangu. Arizona kuna jua zuri."

Lyle akakumbuka shule tisa alizosoma na miji waliyohama bila kumuaga mtu. Mtu hahami hivyo kwa kupenda jua. Wazo lililokuwa likimzunguka tangu jana likamtoka mdomoni.

"Ulimfanya nini mama?"

"Sijawahi kumgusa mama yako hata kwa kidole." Orrin alimtazama machoni aliposema hivyo. "Naapa."

Lyle hakumwamini. Alichukua funguo za gari akazitia mfukoni, kisha akamwandikia Verna mahali wanapoishi.

Jumamosi, jua likiwa utosini, gari dogo la kijivu liliingia uani, na nyuma yake gari la polisi wa kaunti. Orrin alikuwa jikoni, amekaa juu ya sanduku lake. Hakuinuka. Mwanamke mrefu mwenye mvi alishuka, akapanda ngazi za baraza akishikilia ukuta. Polisi wawili walibaki chini.

"Wewe ni Verna? Ni ndugu yake mama?"

Mwanamke alimtazama Lyle usoni muda mrefu, hadi Lyle akainamisha macho. Kisha akachungulia ndani, akamwona mzee. Orrin alivua kofia.

"Huyu ni baba yangu," Lyle alisema. "Kama alimuua mama, niambie. Nimechoka kutojua."

"Hata jina la huyu mzee silijui," Verna alisema polepole. "Nilimwona mara moja tu. Alisimamisha gari kuuliza njia, nikaingia ndani kumtafutia ramani. Wewe nilikuacha uani, kwenye bembea."