Mafungu Mawili ya Mashati

Kampuni mbili za mitambo ya simu zilikuwa zinaungana, na mashati ya mafundi wao yakaletwa kwa Tunu, fundi cherehani, abadilishe nembo kifuani. Dereva aliyatua mafungu mawili.

"Hili shonea nembo mpya, mama. Hili jingine fumua ya zamani tu."

"Nisishone kitu?"

"Hawa hawatakuwepo." Dereva aliondoka bila kumtazama usoni.

Katika fungu la pili Tunu aliliona shati ambalo kola yake aliigeuza yeye mwenyewe ilipochakaa. La mumewe. Akalihamishia fungu la kwanza, kisha akalirudisha. Nembo ya kuiba ingemsaidia nini? Akafumua taratibu. Chini ya nembo kitambaa kilikuwa bado cha samawati iliyokoza, kama siku ya kwanza.

Mara Kiluvia akaingia, mumewe, kachangamka.

"Sasa tumekuwa wakubwa, mke wangu! Nani atatuweza mji huu? Langu umeshalishona?"

"Ndilo hili, baba. Subiri kidogo."

Akalibana chini ya sindano isiyo na uzi, akainamisha kichwa, akaanza kukanyaga cherehani.